Kitanda cha inchi tano kwa sita

Siku ya 23 ya eda, vijana wawili wa karakana walipiga hodi kwa shangazi yangu, Keko Machungwa, na kiroba cha vipande vya mbao. Fremu ya karakana ilikuwa inasafishwa ili vifaa vya marehemu mumewe vihesabiwe, na vijana hawakutaka kutupa kitu ambacho mama angeweza kuwashia jiko. "Shikamoo mama. Tumekuletea kuni." Wakakiweka uani, wakanywa maji, wakaondoka.

Kiroba kilikaa siku tatu bila kuguswa. Siku ya nne binti anayesaidia kazi za nyumbani alichomoa kipande cha mninga, kikubwa kama kiganja na vidole vyake, akitie kwenye mkaa. Shangazi akamshika mkono. Upande mmoja wa kile kipande paliandikwa kwa penseli 17½, na ile saba ilikuwa na kamstari katikati. Mtaa mzima pale Keko hakuna mwingine aliyeandika saba hivyo.

"Hiki hakiungui," akasema. Maneno mawili, na kwa wiki ile yalikuwa mengi.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina lake lisionekane na picha yoyote isiwekwe. Mimi nilisomea pale hospitali ya KCMC, Moshi, kazi ya kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao kwa kutumia mikono. Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana tuiite nini, na watu wakiniuliza nafanya nini hospitali huwa najibu kwamba nawafundisha watu kufunga vifungo upya. Lakini kwa shangazi sikuwa mtaalamu. Nilikuwa mtoto wa kaka yake, aliyekuja kulala Ijumaa na Jumamosi kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Sikumfungulia faili. Nilichonacho ni daftari la kurasa 48, na nusu yake ni hesabu za sokoni.

Hali ilikuwa hivi. Ana miaka 54, kwenye ndoa alikaa miaka 31. Mumewe, fundi seremala, alianguka asubuhi akipiga randa, kiharusi, na jioni hakufika. Watoto watatu, wote wana kwao, na mjukuu wa miaka sita anayekaa naye. Wiki tatu za mwanzo alilala saa mbili, pengine tatu, kisha akawa macho tangu saa nane za usiku. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Swala hakuacha. Nilimuuliza wazi kama anatamani kufa, kwa sababu swali hilo huulizwa wazi, halizungukwi. Akanitazama kama niliyekosa adabu, akasema hapana, anatamani kulala tu. Angejibu vinginevyo, kisa hiki kingeanzia hospitali, si kwenye kiroba.

Huo haukuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 11 wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, linataka ipite walau miezi sita kabla majonzi hayajaitwa maradhi, na Wamarekani kwa mtu mzima wanataka mwaka. Mwezi wa kwanza ni msiba, basi. Nalitanguliza hili kwa kuwa siku hizi tumekuwa wepesi wa kumtibu mtu ambaye analia tu.

Aliyeanza, kusema kweli, ni mjukuu. Alikuwa na mtoto wa gunzi, kamfunga kipande cha kitenge, na kitanda chake kilikuwa kopo la samaki. Shangazi alikaa kizingitini akimtazama, kile kipande cha 17½ mkononi. Baadaye akaingiza mkono kwenye kiroba, akatoa kipande kingine kisicho na maandishi, akaomba kisu cha jikoni na vijiti vya mishikaki. Alitaka kumtengenezea gunzi stuli.

Niliiona kazi ile tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Alikata kigae cha mbao kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki mwishoni, akatoboa matundu manne kwa ncha ya kisu, akachomeka vijiti kwa gundi nyeupe ya shule. Akakisimamisha sakafuni. Kikayumba. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Akapunguza mitatu. Sasa mwingine ukawa mfupi. Akapunguza tena. Kila alipokata, stuli ilizama, mpaka ikabaki na urefu wa kidole kilicholala. Mjukuu akasema, "Bibi, imekuwa mbuzi." Na kweli, ilikuwa na umbo la mbuzi ya kukunia nazi. Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akaenda kukata ulimi wa bati kutoka kwenye lile kopo la samaki, akautia meno kwa mkasi, akauchomeka mbele. Mbuzi ile ipo mpaka leo.

Ningetakiwa kuonyesha kitu kimoja tu katika kisa kizima, ningeonyesha stuli inayogeuka mbuzi. Ubao ule ulikuwa wa kutupwa, kwa hiyo haukuweza kuharibika. Marehemu mwenyewe karakanani asingecheka, kwa sababu mguu wa stuli wa mteja ukikatwa vibaya ni mbao ya pesa imekwenda na siku ya kazi imekwenda nayo. Kwenye kiroba hakuna hasara. Baba mdogo mmoja alitania kwamba mirathi haijagawanywa, hivyo hata chembe ya mbao ina warithi na thumni ya mjane ni lazima ipimwe kwenye mizani. Tulicheka, lakini alikuwa amegusa jambo. Katika nyumba ambamo mashine, fremu, madeni na hata pikipiki vilikuwa vinasubiri kikao, kiroba ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekidai.

Kuhusu kipimo nitakaa kidogo, wasomaji wanivumilie.

Wanaotengeneza samani ndogo za nyumba za wanasesere Ulaya na Marekani mara nyingi hufuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Nyumba maarufu kuliko zote, aliyotengenezewa Malkia Mary wa Uingereza kati ya 1921 na 1924 kwa ramani ya msanifu Edwin Lutyens, imejengwa kwa kipimo hicho, na mabomba yake yanatoa maji. Ipo katika kasri la Windsor. Sasa, Keko hakuna aliyeisikia, ila Keko bado wanasema kwa futi. Kitanda ni cha nne kwa sita, tano kwa sita au sita kwa sita, na muulize fundi yeyote wa barabara ya Chang'ombe kitanda cha tano kwa sita ni mita ngapi, atakuomba simu apige hesabu. Futi moja ni inchi 12. Kwa hiyo kitanda cha futi tano kwa sita, ukikipunguza mara kumi na mbili, ni inchi tano kwa sita, bila kikokotoo wala kuumiza kichwa. Shangazi alipolielewa hilo aliweka futikamba chini akasema, "Kumbe ni maneno yaleyale." Alikuwa ameyasikia miaka 31 yakipita dirishani.

Mengine yakaja yenyewe. Kiti cha inchi 18 kinakuwa inchi moja na nusu. Meza ya chakula ya inchi 30 inakuwa mbili na nusu. Mguu wa inchi mbili kwa mbili unakuwa kama milimita nne, ambayo ni unene wa kijiti kinene cha mshikaki. Na mtu wa futi tano na nusu anakuwa inchi tano na nusu, yaani gunzi.

Vijana wa karakana walipoona kazi ile hawakucheka. Mmoja alileta nusu ya bapa la msumeno wa chuma lililokatika, kalizungushia mpira wa baiskeli pawe mahali pa kushika. Mwingine alileta vibanzi vya mpingo kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Mpingo ulimkatalia. Mti unaozama majini hauwezi kukubali bapa la kuokota, na baada ya saa nzima alikuwa amepata vumbi jeusi na malengelenge mawili. Mninga nao una tabu yake, nyuzi zake ni nene kiasi kwamba kwenye kiti kidogo zinaonekana kama nyufa, na ukitoboa karibu na ukingo unapasuka. Tiba yake ni kutoboa kwanza na kukata baadaye. Hilo hakufundishwa na mtu. Alipasua saba ndipo akalijua, na nina hakika ya saba kwa sababu mjukuu alizihifadhi akiziita kuni za gunzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa boksi la televisheni. Sebuleni pakawekwa sofa ya watu watatu, inchi saba, sponji yake kitambaa cha kuoshea vyombo. Aliivisha mabaki ya kanga aliyopewa na fundi cherehani wa jirani. Jina la kanga lilikuwa WEMA HAUOZI, lakini mgongo wa sofa ulitosha neno la pili tu, hivyo wageni waliofika kutoa pole walikuta sofa iliyoandikwa HAUOZI wakauliza ni nini kisichooza. Kila mgeni alipata jibu lake. Nilisikia "mbao", nikasikia "mdomo wa mawifi", na usiku mmoja, akidhani nimelala, nilisikia anamjibu mjukuu kwa jina la marehemu.

Pingamizi lilikuwapo, nalo halikuwa la kijinga. Bibi mmoja wa upande wa mume alisema mjane kwenye eda hachezi wanasesere, na nyumba ya msiba haiwekwi sanamu. Alipoelezwa kwamba hakuna mwanasesere, ni gunzi lisilo na uso, alinyamaza nusu. Ustadhi alipokuja kwa jambo jingine akaulizwa, akasema eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi za kutojipamba na kutotoka bila haja, wala hajasoma popote kwamba ni miezi minne ya kukaa mikono mitupu, na Bi Aisha mwenyewe alikuwa na wanasesere utotoni. Likaisha. Naongeza langu: kazi hii iliiendea eda vizuri, kwa kuwa haikumtaka atoke.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Alisugua msasa chumbani, dirisha limefungwa, taa ikiwa imeletwa karibu, nami niliona nikafurahi kwamba amepata cha kufanya usiku. Wiki ya pili akaanza kukohoa. Vumbi la mninga linawasha kifua, maseremala wote wanajua, na mumewe alikuwa akifunga kitambaa usoni miaka yote. Tulihamia uani, kanga mbichi puani, msasa wa maji badala ya mkavu, na vanishi ikapigwa marufuku ndani. Kikohozi kikaisha kwa siku chache. Supagluu nayo niliiondoa, si kwa ajili ya moshi wake tu. Inashika upesi mno. Gundi nyeupe inakulazimisha ukae ukishikilia kiungo dakika kadhaa bila kufanya lolote, na dakika hizo ndizo alizokuwa akizungumza.

Hapa napingana na wanaosema dawa ya msiba ni kujishughulisha usiwaze. Shangazi hakuacha kuwaza. Kabla ya kiroba hakumtaja mumewe, baada ya kiroba alimtaja kila jioni: alivyokuwa anabana penseli sikioni akaitafuta nyumba nzima, deni la mbao alilomficha miaka miwili. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut waliandika 1999 kwamba aliyefiwa hupona kwa kwenda na kurudi, saa hii yuko na aliyeondoka, saa ijayo yuko na maisha yaliyobaki, na kwamba anayekwama upande mmoja ndiye wa kuhofia. Mimi niliiona safari hiyo ndani ya saa moja: anapima mguu wa meza, anachukua kipande kingine, anakuta penseli, ananyamaza, analia kidogo, anapima mguu wa pili. Wiki ya tisa daftari langu linasema analala saa tano. Siwezi kuapa kwamba ni kazi ile. Msiba nao hupoa kwa siku, na mjukuu yule angemponya hata simba. Ila sahani zilianza kurudi tupu siku zilezile ambazo meza ya chakula ya gunzi ilikuwa inatengenezwa, na siku moja aliuacha mchuzi jikoni akaja kuniuliza kabati la vyombo la kwao Tanga lilikuwa na milango mingapi.

Eda ikaisha. Akaogeshwa, akavishwa, akatoka. Na hapo ndipo tulipoharibu.

Dar es Salaam mtu hawezi kuwa na kitu kizuri mkononi bila kuulizwa anauza bei gani. Binamu yangu alipiga picha sofa ya HAUOZI akaiweka kwenye status. Kabla ya usiku kulikuwa na ujumbe kumi na kitu. Mama mmoja wa Mbezi alitaka seti nane za sofa na meza kwa ajili ya sherehe ya mtoto wake, shilingi 15,000 kila seti, akatuma nusu, 60,000, kwa simu palepale. Sote tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Nilisema maneno ya kitaalamu kuhusu kujitegemea. Wajane wanahitaji pesa, na hilo sitaki mtu alidharau.

Mteja alitaka zote zifanane. Rangi ya waridi. Kiroba hakikuwa na mbao za kufanana, kwa hiyo zikanunuliwa. Zikinunuliwa, haziwezi kugeuzwa mbuzi. Mguu uliokatwa vibaya ukawa hasara, na hasara ikaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikabandikwa ukutani karibu na kioo. Siku ya tano alikuwa macho saa nane za usiku. Siku ya nane niliwakuta vijana wa karakana wanamsaidia kwa mashine, naye amekaa pembeni anahesabu. Sikuona gundi nyeupe. Ilikuwa supagluu, kwa sababu ya muda. Mjukuu alikatazwa kugusa.

Alimaliza seti tano. Ya sita aliiweka chini, akanipigia simu kazini, jambo ambalo hajawahi kufanya, akasema, "Mwanangu, nimechoka kama siku ile." Sikuuliza siku ipi.

Tulimrudishia mteja nusu aliyoitanguliza kwa zile tatu, na aliipokea kwa uungwana. Nimelichambua kosa hili mara nyingi kuliko mafanikio yote. Haikuwa pesa peke yake, wala haraka peke yake. Oda ina mwenyewe. Kitu chenye mwenyewe kinakutazama unapokikata. Kiroba kilikuwa hakina macho. Kipato chake sasa kinatoka kwenye mashine ya randa, ambayo kikao kiliamua ikodishwe kwa wale vijana kwa mwezi, naye huamka alfajiri kukaanga vitumbua, ambavyo havimuumizi kwa sababu hakuwahi kuvipenda. Ningekuwa na mgonjwa kama yeye kesho, jambo la kwanza ningeiambia familia ni kwamba vitu hivi haviuzwi mwaka huu. Mwakani tutakaa tuzungumze.

Kwa wiki tatu hakugusa kisu. Boksi lilikuwa juu ya kabati. Lilikuwa na sebule, jiko, uani na mkeka wa ukindu wa upana wa kiganja, lakini chumbani hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimeliona hilo tangu mwezi wa pili na sikusema. Mume alikuwa fundi wa vitanda. Sofa za wateja alizifanya akilazimika, vitanda alivifanya akiimba. Gunzi lilikuwa linalala kwenye sofa.

Ijumaa moja nilikuta kile kipande cha 17½ kiko mezani, kimebanwa kwa vibanio vya nguo. Vijana walishamwambia namba ile huenda ilikuwa ya nini: urefu wa kiti bila sponji, kiti cha mtu ambaye hawamkumbuki. Alikuwa anakikata. Sikuthubutu kuuliza. Alikata kwa kufuata nyuzi, polepole, akipuliza vumbi kila baada ya kuvuta mara mbili tatu. Alitoa matendegu manne, mifumbati miwili ya inchi sita, vitakizo viwili vya inchi tano, na ule upande wenye penseli akauacha mzima uwe ubao wa mchagoni. Viungo vyote vilikuwa vya ulimi na tundu. Hakuna hata kijiti. Ulimi mmoja ulilegea, akauchongea kabari nyembamba kuliko ukucha, akaigonga kwa mpini wa kijiko. Wavu akaufuma kwa uzi wa kushonea magunia, akivuta na kukaza kama wanavyokaza vitanda vya kamba, kwa goti, isipokuwa goti lilikuwa kidole gumba.

Kwa futikamba, mfumbati wa kushoto umezidi wa kulia kwa milimita mbili. Alipima, akaona, akaacha.

Kitanda kiliingizwa chumbani, ile 17½ ikielekea ukutani. Mjukuu akalilaza gunzi, akalifunika, akarudi nyuma kutazama. Nafasi ya upande wa pili ilibaki tupu. Akauliza kama atafute gunzi jingine.

"Mwache," shangazi akasema. "Anyooshe miguu kwanza."